Nyanya za Mstari wa Bafuni

Mimi ndiye mtu wa kwanza Riruta nzima kuzipanga nyanya mistari kama wanafunzi wa mtihani na kuzitazama zikishindana. Kama yuko mwingine aliyenitangulia, basi hakutangaza, na hilo ni kosa lake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Mchana nilikuwa tarishi wa ofisi moja Hurlingham, Nairobi, nikibeba bahasha za watu waliosoma. Jioni nilipanda ngazi za jengo moja katikati ya mji, ghorofa ya tano isiyo na lifti, nikisoma ili siku moja bahasha ziletwe kwangu. Darasa letu la watu wazima lilikuwa na walinzi wawili wa geti, fundi cherehani, na mama mmoja aliyesinzia tangu somo la kwanza hadi la mwisho na bado akatushinda sote hesabu. Kilimo tulifundishwa na mwalimu wa suti ya kijivu, mwenye viatu vilivyong'aa kiasi kwamba ungeweza kunyoa ndevu ukivitazama. Sikuamini kama viatu hivyo vimewahi kukanyaga udongo. Lakini mdomo wake ulikuwa umekanyaga kila mahali.

"Mkitaka kujua mbegu ipi inaiva mapema na ipi inazaa zaidi," alituambia jioni moja, "msimuulize muuza mbegu. Zipandeni zote pamoja, siku moja, shamba moja. Halafu nyamazeni mtazame."

Nilielewa kila kitu ila hapo kwenye kunyamaza.

Shamba nilikuwa naliona kila siku bila kulilima. Nilipanga chumba katika ploti ya mama mmoja mzee ambaye wapangaji wote tulimwita Shosho, yaani bibi. Alikuwa mfupi, mwembamba, na sauti yake ilifika Adams Arcade hata upepo ukiwa wa kinyume. Alipoletwa pale akiwa bibi harusi, kila kitu kilikuwa shamba, mpaka chini mtoni. Kisha vikaja vyumba vya kupangisha. Chumba kimoja baada ya kingine vilikula mahindi, vikala viazi, vikala migomba, mpaka kikabaki kipande kimoja nyuma ya vyumba, kirefu na chembamba kama soksi. Upande mmoja kilipakana na ua wa michongoma. Upande wa pili kilipakana na bafu letu sote, bafu la mabati lisilo na paa, lenye matundu mengi kuliko mabati yenyewe. Katika kipande hicho Shosho alipanda nyanya, na hapo ndipo aliposimama kila asubuhi na kikombe chake cha chai, akitazama majani kama mtu asomaye gazeti.

Jumamosi moja mwanawe wa kwanza alikuja na fundi wa mjengo. Mwana huyo alikuwa mtu wa ofisi na gari, na sisi wapangaji tulimwita Mdosi, ingawa si mbele yake. Waligonga vigingi vya mbao kandokando ya ua wa michongoma, wakavuta kamba ya bluu kutoka kigingi hadi kigingi, ikakaza mpaka ukiigusa inalia kama gitaa.

"Mama, hapa vyumba vitano vinaingia vizuri," Mdosi alisema.

"Vinaingia kwani mimi nimevikaribisha?"

"Hii shamba haikusaidii. Nyanya zako zinaiva wakati dunia nzima iko na nyanya, halafu zinaisha. Huyu mama wa kibanda ni mpangaji wako, lakini nyanya anaenda kununua sokoni Kawangware. Uliza yeye."

Mama wa kibanda alikuwa pale bombani akifua. Alikaa chumba cha kwanza mlangoni, na kibanda chake cha mboga kilikuwa kando ya Barabara ya Naivasha, hatua chache tu kutoka geti letu. Aliinua mikono yenye povu.

"Shosho, usinikasirikie. Zako ni tamu kuliko zote. Lakini zinakuja kama wageni wa harusi, zote siku moja, na kesho yake hakuna mtu."

Shosho aliishika ile kamba ya bluu kwa vidole viwili, akaiachilia, ikalia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amekosa la kusema. Nadhani ndicho kilichonifanya nifungue mdomo.

"Shida si shamba," nilisema. "Shida ni mbegu. Hakuna aliyezilinganisha."

Mdosi akageuka. "Na huyu ni nani?"

"Huyu ni msomi," Shosho akasema. "Anasoma jioni. Mchana anatembeza bahasha."

Nilimweleza Mdosi habari ya jaribio, na sikuacha neno hata moja la mwalimu nyuma, na mengine niliyaongeza mimi. Alinisikiliza akichezea funguo za gari. Mwishowe alicheka.

"Sawa, msomi. Nawapa misimu mitatu. Mkifanya huyu mama akae miezi miwili mfululizo bila kukanyaga Kawangware kutafuta nyanya, hizi vigingi nang'oa mwenyewe, na hapa sijengi. Mkishindwa, lori la mawe linaingia."

"Miezi miwili!" Mama wa kibanda akapiga kofi la maji. "Miguu yangu itasahau njia."

Basi shamba la Shosho likawa limewekwa mikononi mwangu, mimi niliyekuwa nimefika sura ya nne ya kitabu cha Kilimo.

Tulichagua mbegu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Shosho mwenyewe, aliyoikamua kutoka kwa nyanya zake kila mwaka na kuikausha juu ya gazeti. Ilizaa nyanya kubwa zenye mikunjo, laini, zenye maji mengi, na mimi niliipa jina Kikongwe. Shosho aliuliza kama namsema yeye. Nikasema hapana, nasema mbegu. Akasema tutaona. Ya pili niliinunua mjini, nyanya fupi za kichaka, ngumu, zenye umbo la yai. Hiyo tukaiita Yai. Ya tatu ilikuwa chotara, mbegu mpya inayopanda juu na kutaka kufungwa. Muuzaji alinihesabia punje moja moja kwa kibano, kama mfamasia anayetoa dawa za moyo. Tulipotafuta mahali pa kuifungia, Shosho aliitazama kamba ya bluu ya mwanawe.

"Hii hapa imekaa bure," alisema.

Ndivyo chotara alivyopata jina lake, Kamba.

Mistari ilikuwa mitatu. Kamba ilikaa kando ya michongoma, Yai katikati, na Kikongwe kando ya bafu, kwa sababu Shosho alisema hapo ndipo amezoea kusimama na chai, na hawezi kusimama na chai mbele ya mbegu asiyoifahamu.

Mvua ndefu ilikuja vizuri. Ploti nzima ilishika timu. Jirani yangu, fundi wa magari, alikuwa wa Kamba. "Gari mpya ni gari mpya," alisema, "hata ukipenda vipi ile ya babu." Mama wa kibanda alikuwa wa Yai, kwa sababu nyanya ngumu haipasuki ikipangwa mafungu. Upande wa Kikongwe alibaki Shosho peke yake, lakini Shosho peke yake alikuwa na kelele za uwanja mzima.

Kisha ikaja baridi ya Julai. Ile baridi ya Riruta mnaijua. Inaingia kwa tundu la kufuli. Asubuhi ukizungumza, maneno yanatoka na moshi, na blanketi likikutoka mguuni unaamka na mguu wa mtu mwingine. Nyanya zilikataa kuiva. Zilining'inia kijani, zimejikunyata, na mimi nilizitembelea kila asubuhi nikiziambia maneno ambayo kanisani sisemi.

Asubuhi moja nilisikia ukelele. Nilitoka na mswaki mdomoni nikijua ni mwizi au nyoka. Ni Shosho, amesimama kando ya bafu, kikombe kimeanguka, na mbele yake nyanya ya Kikongwe nyekundu kama taa ya breki.

"Msomi! Njoo usome hii!"

Kikongwe iliiva mbele ya wenzake kwa majuma mazima. Yai na Kamba zilipoanza kuona haya mashavuni, Kikongwe ilikuwa imeshajaza karai la mama wa kibanda mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka bila kuongeza. Shosho alitembea ploti nzima akisalimia watu wasiosalimika. Kila aliyekuja kuchota maji alipewa hotuba. Fundi wa magari aliacha kupita nyuma mchana.

"Mlisema mzee ni kuukuu," Shosho alimwambia siku alipomnasa. "Sasa gari yako mpya iko wapi? Imekwama wapi?"

"Shosho, betri tu. Ni baridi."

Miezi miwili haikutimia, kwa kuwa Kikongwe iliisha mapema. Lakini Shosho alikuwa na jibu tayari: msimu ujao apande Kikongwe mistari yote mitatu, mara tatu ya nyanya, na mwanawe akale mawe yake.

Nilipeleka habari darasani nikiwa nimevimba kifua. Mwalimu wa suti ya kijivu alinisikiliza, akauliza swali moja tu: "Mistari mliibadilisha?"

"Hapana."

"Basi rudieni. Na aliyekuwa pembeni akae katikati."

Kumwambia Shosho hayo kulihitaji ujasiri ambao haufundishwi madarasa ya jioni. "Hizo ni nyanya," alinijibu. "Si wanafunzi wa kuhamishwa dawati kwa sababu wanaongea." Lakini nilimwambia kwamba mbegu bora haiogopi kuhama, na kwa majivuno aliyokuwa nayo hakuweza kukataa. Mvua fupi zilipokaribia, Kikongwe ilihamia katikati na Yai ikaja kando ya bafu. Kamba haikuhama kwa sababu kamba haikuhama.

Mvua fupi za mwaka huo zilikuwa fupi kweli. Zilipita Riruta kama mtu aliyesahau mwavuli na kurudi kuuchukua. Mwezi wa Novemba udongo wa katikati ulipasuka. Tulichota maji bombani siku bomba lilipokubali, na siku nyingi halikukubali. Kikongwe ilisimama pale katikati imekonda, maua yakidondoka. Kamba ilijivuta polepole juu ya uzi wake. Na Yai, kando ya bafu, ilinenepa kama mtoto wa tajiri. Ikaiva ya kwanza, nyekundu, ngumu, mafungu kwa mafungu, na mama wa kibanda akaanza kuniita "mwalimu" akinisalimia.

Mimi nilifurahi kwa sababu nilidhani jaribio linatupa jibu. Sikumwona Shosho. Nilikuja kumwona siku kadhaa baadaye, nilipotambua kwamba asubuhi hizo hasimami tena shambani. Alikuwa akinywea chai ndani, mlango umefungwa. Nilibisha.

"Ingia, kijana yangu." Alikuwa ameketi kitandani, gazeti la kukaushia mbegu limekunjwa magotini. "Nimekuwa nikifikiria. Labda mwanangu anasema ukweli. Ile mara ya kwanza ilikuwa bahati. Mbegu imechoka, na mimi pia nimechoka, na tunang'ang'ania mahali pa watu wengine kulala."

"Shosho, bado msimu mmoja."

"Msimu mmoja wa kufanya nini? Kupanda mayai yako? Basi hilo si shamba langu tena. Heri vyumba."

Sura ya nne haikuwa na jibu, wala ya tisa niliyokuwa nimeshafika.

Krismasi ikaja, na ploti ikafanya kile ambacho ploti zote za Nairobi hufanya Krismasi: ikahama. Fundi wa magari alikwenda kwao Magharibi na kuku wawili wa kununua mjini kupeleka mahali penye kuku elfu. Mama wa kibanda alifunga kibanda akaenda kwao Murang'a. Vyumba vyote vilifungwa kufuli. Kwetu ni huko huko Magharibi, lakini mimi ofisi ilinibakiza nilinde simu ambayo haikulia. Tulibaki mimi na Shosho, na ukimya mkubwa hivi kwamba niliweza kusikia kuku wa ploti ya pili wakifikiri.

Siku ya tatu ya ukimya huo, nilipita nyuma kwenda bafuni na nikasimama. Mstari wa Yai, ule mstari mnono, ulikuwa umelala. Majani yamening'inia kama nguo zilizofuliwa. Kikongwe ya katikati ilikuwa imekonda vilevile kama jana, lakini wima. Kamba, wima. Waliolala ni wale matajiri peke yao.

Nilimwita Shosho. Alitoka akivuta leso, akatazama, akainama, akagusa udongo.

"Nani ameacha kumwagilia huu mstari?" aliuliza.

"Nani alikuwa anaumwagilia?"

"Si wewe?"

"Mimi? Nilidhani ni wewe."

Tukatazamana. Kisha, sijui nani alianza, tukageuza vichwa vyetu polepole, wote wawili, tukatazama bafu.

Chini ya bati la bafu palikuwa na tundu ambalo maji ya kuoga yalitokea. Tundu hilo lilikuwapo tangu ploti ijengwe, na sote tulikuwa tumeliruka kila siku bila kuliona. Vyumba kumi na viwili, makarai kumi na mawili na zaidi, kila asubuhi ya Mungu. Na si maji tu. Julai, katika ile baridi, nani Riruta anaoga maji ya bomba? Kila mtu alichemsha sufuria juu ya jiko la makaa. Kwa hiyo kila alfajiri, wakati Yai na Kamba zikitetemeka, Kikongwe ilikuwa imekaa na miguu yake ndani ya maji ya uvuguvugu kama mgeni wa hoteli kubwa. Na Novemba, mawingu yalipotukimbia, Yai ilikuwa ikinywa mara kumi na mbili kabla ya saa mbili asubuhi. Sasa watu wamekwenda ushago, makwao mashambani, na chemchemi imekauka. Mimi nilikuwa nikioga, msinielewe vibaya, lakini maji ya mtu mmoja mwembamba hayafiki hata mche wa pili.

Shosho alikaa chini palepale kwenye udongo. Nilidhani amezidiwa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka leso ikamtoka kichwani, akapiga ardhi kwa kiganja.

"Msomi! Mwaka mzima! Mwaka mzima tunashindanisha makalio ya wapangaji!"

"Kwa hivyo mbegu yako haikushindwa," nilisema.

"Na haikushinda pia." Alijipangusa macho. "Lakini haikushindwa. Niinue."

Kesho yake asubuhi alikuwa amesimama shambani na chai.

Watu waliporudi Januari walikuta mitaro. Nilikuwa nimechimba mfereji kutoka kwenye tundu la bafu, ukagawanyika mara tatu, mstari mmoja baada ya mwingine, na penye njia panda nikaweka kipande cha bati cha kuziba na kufungulia. Kila mstari ulikuwa na zamu yake. Shosho aliitisha mkutano bombani na kutangaza sheria mpya za ploti: kuoga ni kila siku, ni asubuhi, na baridi ikija ni maji ya moto.

"Na mtu akioga kazini?" fundi wa magari aliuliza.

"Akioga kazini atafute nyumba huko kazini."

Msimu wa tatu, basi, ulikuwa mashindano ya haki, na sasa ndipo zile mbegu zilipotuonyesha tabia zao. Yai ilikuwa ya kwanza kweli, hilo hakuna ubishi. Iliiva mapema baridi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, ikaiva yote kwa pamoja, ikamaliza, ikakauka. Kamba ilikuwa ya mwisho, ikipanda tu, ikipanda tu, imeshapita vigingi na kushika michongoma, imejaa nyanya kutoka chini hadi juu, zote kijani. Ukiitazama ulijua ikianza haitakoma. Kikongwe ilikuwa katikati, haina haraka, haina maneno. Wala hatukuwa tena na habari ya mbegu moja kuwashinda wenzake. Tulikuwa na nyanya tatu za kupokezana, kama walinzi wa geti wa darasani kwetu: mmoja aingie mwenzake akitoka. Mama wa kibanda alikuwa amekaa mwezi mzima na siku kadhaa bila kwenda Kawangware.

Kisha zamu ikakosa mtu. Yai iliisha Jumatano. Kamba kijani. Kikongwe kijani. Baridi ilikuwa imeshuka juu yetu kama kifuniko cha sufuria.

Mama wa kibanda alikuja nyuma na karai tupu.

"Shosho, leo nimebaki na mafungu manne. Zikiisha ni Kawangware. Wateja wangu hawawezi kupika kitunguu peke yake."

"Hutakwenda popote. Nipe mpaka Jumamosi."

"Na hayo manne yakiisha kesho?"

"Zipange mafungu madogo!"

Shosho aligeuza kipande cha bati, maji yote yakaelekea kwa Kikongwe. Kisha akaenda akigonga mlango mmoja hadi mwingine. Siku tatu zile, nawaambia, hakukuwa na ploti safi kuliko yetu kutoka Dagoretti hadi ikulu. Watu walioga asubuhi, wakaoga wakirudi kazini. Moshi wa majiko ulifunika mtaa. Fundi wa magari, ambaye kwa kawaida alijua maji ya moto Jumapili tu kabla ya kanisa, alioga mara mbili kwa siku mpaka wateja wake wakamwuliza kama anaoa. Mimi nilioga hadi vidole vikakunjamana kama Kikongwe yenyewe. Mara foleni ilipochelewa, sauti ilisikika kutoka shambani, ile ya kufika Adams Arcade: "Uliye ndani, mwaga yote! Usibakize!"

Ijumaa asubuhi nyanya moja ya Kikongwe, chini kabisa, karibu na mfereji, iliona haya. Jioni zilikuwa tano. Jumamosi mama wa kibanda alipofungua, fungu la mwisho la Yai lilikuwa upande mmoja wa meza na fungu la kwanza la Kikongwe upande wa pili, na yeye katikati amekunja mikono kama askari wa mpakani. Kikongwe ilibeba kibanda mpaka Kamba ikaanza. Na Kamba ilipoanza, jamani, sisemi kitu. Watu walitoka Kawangware kuja kununua kwetu.

Mdosi alikuja Jumamosi moja miezi miwili ilipotimia na kupita. Gari aliliacha barabarani, akaenda moja kwa moja kibandani.

"Mama, sema ukweli. Ulienda soko lini mara ya mwisho?"

"Kununua nyanya? Hata sijui kama bado wanauza."

Alikuja nyuma. Shosho alikuwa shambani na kikombe, na mimi nilikuwa nimeshika kipande cha bati nikijifanya nina kazi. Mdosi alitazama mfereji, akatazama bafu, akatazama mstari wa michongoma. Vigingi vyake havikuonekana tena. Kamba yake ya bluu ilikuwa imezama ndani ya majani, imebeba nyanya kwa nyanya, imepinda kama mgongo wa mbebaji.

"Haya, mama," alisema taratibu. "Nilisema nitang'oa mwenyewe. Nang'oa."

Akashika kigingi cha kwanza. Mstari mzima ukatikisika.

"Wee! Acha!" Shosho alimpiga mkono. "Ukigusa hiyo nitakulaani. Hizo vigingi ziko kazini."

"Lakini nilisema..."

"Ulisema hujengi. Hiyo inatosha. Vigingi acha, kamba acha." Alimtazama juu hadi chini, jinsi mama anavyomtazama mtu aliyemzaa hata akiwa na gari. "Umetoka mbali na baridi hii. Jiko limewaka, maji ya moto iko. Ingia hapo bafuni uoge kwanza, ndiyo tuongee."

Mdosi alinitazama mimi, kana kwamba nitamtetea. Nilitazama bati langu. Baada ya muda tulimsikia ndani ya mabati akivuta pumzi kwa meno, kisha karai likamwagwa, na maji yakatoka tunduni yakitoa mvuke.

"Leo ni zamu ya nani?" Shosho aliniuliza.

"Kikongwe."

"Basi fungua, msomi. Na wewe mle ndani!" akapaza sauti. "Mwaga yote!"